Wasichana wa Lango la Kisima

Sehemu ya tisa: Karatasi ya "Kiarabu"

"Irudishe ulipoitoa."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, wewe na mimi tumejibana na Mwalimu Praxeda ndani ya stoo ya vitabu vya zamani. Alikuwa amechuchumaa, mkono umezama kwenye sanduku la bati, vidole vimeshika karatasi iliyokuwa imelala humo miaka chungu nzima. Sauti ikatoka mlangoni, nyuma yake.

Wiki nzima mmenitumia ujumbe. Msomaji mmoja wa Ngamiani ameapa kuwa ni jini. Mwingine wa Mwera anasema ni Rafaeli mlinzi, ambaye tangu sehemu ya tatu hampendi na hataki kuniambia sababu. Poleni nyote. Alikuwa Sista Ritha, mkuu wa shule, na vile viatu vyake vya raba visivyotoa sauti.

"Umenishtua, Sista."

"Nimekuita mara mbili, Mwalimu."

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kulishika gazeti hili, nakupa kwa ufupi, na sirudii. Shule ni Sekondari ya Wasichana ya Mtakatifu Apolonia, Pongwe, shule ya masista. Mtakatifu Apolonia ndiye anayeombewa msaada na wenye maumivu ya meno, kwa hiyo wanafunzi wa shule nyingine wanawaita wa Apolonia "Meno", nao wameshazoea. Mwaka huu shule inatimiza miaka sitini. Mwalimu Praxeda, mwalimu wa historia, umri hamsini na nane, magoti mabovu, amepewa kazi ya kuandika kitabu cha jubilei kwa sababu ndiye aliyeandika kile cha miaka arobaini.

Sasa shika hili, maana ndilo linalotukosesha usingizi. Kila mwaka, tangu shule ianze, wasichana wawili wa kijiji kilichopo chini ya shule huingizwa bila usaili. Hawalali bweni. Huja asubuhi na kurudi jioni kwa kupitia lango dogo la kisimani, na wote ni Waislamu. Mwaka huu wako saba. Bodi imeamua waondoke, shule iwe ya bweni tupu, na lango lao lizibwe kwa ukuta. Mmoja wao, Zuwena, yuko kidato cha nne. Orodha ya watahiniwa inafungwa kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Jina lake likikosekana humo, mtihani haufanyi, na miaka yake mitatu imekwenda na maji.

Basi tuendelee.

"Karatasi gani hiyo?" Sista aliuliza.

"Ya Kiarabu, Sista."

Praxeda aliigeuza. Nyuma yake mtu wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli: *Kiarabu. Haijulikani.*

"Basi kama haijulikani, iache isijulikane." Sista alipiga mwayo, akajifunika mdomo. Mwaka huu Kwaresma na Ramadhani zimeanza wiki moja, na ukipita Pongwe saa tisa alasiri huoni mtu mwenye nguvu ya kubishana. "Mpiga chapa anasubiri kitabu. Bodi inakutana kesho. Kitu gani kinakuleta humu?"

"Tarehe."

Wanafunzi wanamwita Praxeda hivyo hivyo, "Tarehe", kwa sababu anawakaririsha tarehe mpaka wanaziota. Alivuta sandukuni daftari la kumbukumbu la mwaka wa kwanza wa shule, akaweka kidole kwenye mstari mmoja mfupi. *Leo kiwanja kimewekwa wakfu.*

"Kwenye kitabu changu niliandika kwamba aliyekiweka wakfu ni Baba Askofu," alisema. "Lakini tazama tarehe, Sista. Askofu alifika hapa miezi mitano baadaye. Sasa siku hii nani alikiweka wakfu?"

"Padre yeyote."

"Padre gani anaweka wakfu kiwanja kwa karatasi ya Kiarabu? Ilikuwa imekunjwa humu humu, kwenye ukurasa huu."

Sista Ritha alijisugua macho. Si mtu mbaya, nawaambia kila wiki na kila wiki mnanibishia. Ni mtu aliyechoka.

"Mwalimu, una miezi minne ustaafu. Mimi nina pampu mbovu, matroni wawili wanaumwa, na watoto mia nne na kumi wanaokula makande kwa manung'uniko. Sentensi yako ya zamani ni nzuri, iache ilivyo." Akaichukua karatasi, akaiweka kwenye jalada lake, akaondoka nayo. Viatu havikusikika.

Karatasi imekwenda. Mmekata tamaa?

Kabla ya ile sauti ya mlangoni, Praxeda alikuwa ameshaipiga picha kwa simu. Wiki iliyopita sikuwaambia kwa sababu hamkuniuliza.

*

Alhamisi saa kumi kasorobo, wasichana wa kisimani walikuwa wanafagia uwanja wa kanisa.

Hiyo inaitwa kazi ya shukrani. Kila Alhamisi wenzao wakienda kufua, wao saba wanashika fagio. Ukiuliza wanashukuru nini, utaonyeshwa kitabu cha miaka arobaini, ukurasa wa sita: *Kwa huruma yao, masista waliwapokea mabinti wa kijiji.* Sentensi hiyo husomwa mbele ya shule nzima kila tarehe tisa Februari, sikukuu ya Mtakatifu Apolonia. Ikifika hapo, wasichana wa kisimani husimama, shule huwapigia makofi. Mwaka huu walisimama wiki mbili tu zilizopita, na barua za kuwaondoa zikiwa tayari zimeshachapwa ofisini.

Mwalimu Praxeda ndiye aliyeiandika sentensi ile. Na wiki hii ndiye mwalimu wa zamu, kwa hiyo ndiye aliyekuwa anawasimamia kufagia. Alikaa kwenye ngazi za kanisa, amenyoosha goti linalouma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Zuwena."

"Vitabu vya maktaba nirudishe leo, au kesho?"

Msichana aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza saa. Utulivu ule ulimuuma Praxeda kuliko kilio.

"Ngoja kwanza." Akatoa simu. Hata yeye hakujua kwa nini anaitoa. "Wewe umesoma madrasa. Kiarabu unakijua?"

"Kukisoma najua, mwalimu. Maana zake si zote."

"Hebu tazama."

Zuwena aliweka fagio chini, akafuta mikono kwenye sketi, akaishika simu kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa na ufa. Akakuza picha, akasogeza midomo bila sauti. Kisha akakunja uso.

"Mwalimu, hiki si Kiarabu."

"Si Kiarabu vipi? Herufi hizo si za Kiarabu?"

"Herufi za Kiarabu. Maneno ya Kiswahili." Akaonyesha kwa kidole. "Hapa juu ni Bismillahi, hiyo sawa, Kiarabu. Lakini hapa, mimu, mimu. Mi-mi. Ni *mimi*, mwalimu! Mtu anasema *mimi*."

Praxeda aliinama akaitazama upya ile picha. Miaka sitini barua ya Kiswahili imelala kwenye shule ya Waswahili imeandikwa mgongoni kuwa haijulikani, na hakuna aliyetoka kwenda hatua mia mbili hapo chini kuuliza. Yeye mwenyewe ameifundisha historia humo miaka ishirini na sita. Aliona aibu, nami sitaona haya kuisema.

"Soma yote."

"Siwezi. Haina irabu, na mwandiko ni wa kizamani. Naziona herufi, neno silipati." Zuwena akarudisha simu. "Ila bibi yangu atalipata."

"Bibi yako si haoni?"

"Haoni. Mimi nitamtajia herufi."

*

Bi Tausi alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alisikia hatua mbili, akajua moja si ya nyumbani.

"Hodi hapa. Shikamoo Bi Tausi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sauti naijua, mwalimu wa tarehe. Karibu. Ningekupa chai, ila mie nimefunga."

"Hata mimi nimefunga, Bi Tausi. Kwaresma."

"Basi kaa, tukae na njaa zetu. Huyu mtoto kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Tumekuletea barua."

"Ya kumfukuza nshasomewa."

"Ya zamani zaidi, bibi," Zuwena alisema, akakaa karibu naye magoti kwa magoti. "Nitakutajia herufi. Wewe niambie neno."

Wakaanza. Mimu, waw, nuni. Bi Tausi aliinamisha kichwa, akawa anazipokea herufi moja moja, wakati mwingine anarudisha, "hiyo si be, tazama nukta," na Zuwena anatazama, kweli si be. Mstari wa kwanza uliwachukua robo saa. Praxeda aliandika kwenye daftari, na nawapa nilivyoiona:

*Mimi Mwanaidi binti Zubeiri, mzima wa akili yangu, nimekiweka kiwanja changu cha juu ya kisima kuwa wakfu kwa ajili ya Mungu, masista wajenge skuli ya mabinti.*

"Shangazi," alisema Bi Tausi.

"Shangazi yako wewe?"

"Dada wa baba yangu. Ndiye aliyenipeleka skuli ile mwaka wa kwanza, mimi na mwenzangu mmoja, tukiwa wawili tu. Hakunambia kitu. Alinambia kasome." Bi Tausi akapapasa mpaka akaupata mkono wa Praxeda. "Mwalimu, wakfu nyie mwaijua?"

"Kwetu kuweka wakfu ni kubariki, Bi Tausi. Askofu anakuja, maji ya baraka, mafuta, nyimbo. Nilipoliona neno lile daftarini, nikaona maji ya baraka."

"Kwetu wakfu ni mali ilokwisha kutoka mikononi mwa mtu ikenda kwa Mungu. Haiuzwi, hairithiwi. Na sharti la mwenyewe halivunjwi hata akishakufa."

"Neno moja."

"Neno moja, mwanangu. Nyie mwalishika huku, sisi twalishika huku. Haya, sharti lake nini?"

Zuwena aliendelea, sauti yake sasa inakwenda mbio na bibi anamvuta nyuma. Sharti la kwanza: mabinti wawili wa mji huu waingie kila mwaka. Sharti la pili: njia ya kisima isifungwe. Praxeda aliandika kwa mkono uliobaki. Huruma! Ukurasa wa sita, huruma! Kumbe wale watoto waliosimamishwa na kupigiwa makofi kila mwaka walikuwa wanaingia kwenye kiwanja chao wenyewe.

"Umebaki mstari mmoja," alisema Zuwena. "Waw, lamu, alifu. Halafu waw, sini. Halafu shini, kafu, re. Halafu shini tena."

Bi Tausi aliinua kichwa.

"Bibi? Nirudie?"

"Usirudie. Nimelipata." Aliuachia mkono wa Praxeda. "*Wala wasishukurishwe.*"

Msomaji, mimi nimeandika hadithi za majambazi na za wake wenza, na sijapata shida kuandika neno kama hili. Mwanaidi binti Zubeiri alitoa kiwanja, akaomba mambo mawili, kisha akaongeza la tatu: watoto wake wasilazimishwe kusema ahsante. Aliliona hilo tangu mapema.

"Nimefagia uwanja ule miaka minne," Bi Tausi alisema. Hakulia. Alisema kwa uchovu, mtu aliyekwishafika mwisho wa kazi na kuambiwa haikuwa yake. "Siku ya kwanza tulipopewa fagio, shangazi alinuna. Hakula. Nami nikadhani aumwa. Kisha mama yake huyu akafagia, nikamwambia shukuru mwanangu, wamekuhurumia. Na huyu nikamwambia hivyo hivyo."

"Ni mimi niliyeandika huruma," Praxeda alisema.

"Wasema?"

"Kwenye kitabu. Niliwakuta wanafagia, nikauliza kwa nini, hakuna aliyejua. Nikaona sentensi inapendeza, nikaiandika. Hakuna aliyeniambia niiandike hivyo, Bi Tausi. Niliitunga."

Bi Tausi alinyoosha mkono, akaligusa daftari la mwalimu.

"Haya, umeitunga," alisema. "Sasa kaitungue."

*

Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi. Ofisi ya mkuu wa shule.

Mezani kulikuwa na vitu vitatu: ile karatasi ya zamani, orodha ya watahiniwa iliyochapwa, na kitabu cha miaka arobaini kimefunguliwa ukurasa wa sita. Nyuma ya meza, Sista Ritha. Pembeni, Bwana Bryson, katibu wa bodi, mwenye ukuta wake kichwani. Zuwena alikuwa amesimama karibu na mlango. Praxeda alisoma daftari lake mwanzo hadi mwisho, neno la mwisho akalisoma mara mbili.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Bryson, kama mtu anayeanza upya mkutano. "Mwalimu, mimi nasoma kitabu chako mwenyewe. *Baba Askofu alikiweka wakfu kiwanja hiki.* *Kwa huruma yao, masista.* Nani aliandika?"

"Mimi."

"Na leo unasemaje?"

"Nilikosea."

"Miaka ishirini?"

"Miaka ishirini, Bwana Bryson. Usinihesabie, ninayo."

"Na huyu bibi asiyeona ndiye amesoma?" Bryson akacheka kidogo. "Sista, tunajenga ukuta au tunasikiliza ndoto?"

Mlidhani Sista atamuunga mkono? Hata mimi nilidhani. Lakini aliigeuza ile karatasi, akaitazama alama ya dole gumba iliyo chini, akasema, "Mimi naamini."

Bryson akafunga mdomo.

"Naamini, na ndiyo shida yangu," Sista aliendelea. "Mkisema ni haki, bodi itagawanyika leo hii, tutaitana kwa wanasheria, na shule hii itazeeka ikibishania lango. Mkisema ni huruma, namaliza sasa hivi." Akafungua droo, akatoa karatasi mpya, imeshachapwa. "Zuwena, mwanangu, njoo. Hii ni barua ya shukrani. Weka saini, nami nakuacha kwenye orodha. Utakuja mpaka Novemba, utafanya mtihani wako."

Zuwena aliisoma taratibu. *Naushukuru uongozi wa shule kwa huruma uliyonionyesha mimi na wenzangu wote waliotangulia.*

"Na wale sita, Sista?"

"Hao hawana mtihani mwaka huu. Watatafuta shule nyingine."

"Na lango?"

Sista aliisogeza kalamu karibu na barua.

Zuwena alimgeukia mwalimu wake. Na hapa, wapenzi wangu, mwalimu mliyempenda tangu sehemu ya kwanza, mliyeniandikia kwamba ni mama wa mfano, alitazama saa ya ukutani, akaona saa tano kasoro dakika kumi, akaona njaa, akaona goti, akaona miezi minne iliyobaki.

"Saini, mwanangu," alisema. "Ni karatasi tu."

Msinitukane mimi. Ndivyo alivyosema.

"Siwezi, mwalimu."

"Zuwena."

"Mtihani nautaka. Msidhani siutaki, jana nimelia mpaka bibi kaniombea dua." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu tumjue. "Lakini nikiweka saini hapo, wanalifunga lango kwa saini yangu. Watamwonyesha kila mtu. Watasema, mwenyewe alishukuru."

Bryson alitazama dari. Sista Ritha alisimama, akachukua orodha, akachukua na rozari yake. Kengele ya Njia ya Msalaba, sala ya kila Ijumaa ya Kwaresma, ilikuwa inagongwa.

"Orodha naituma nikitoka kanisani. Nikitoka nikaikuta barua hii ina saini, jina litakuwemo. Nisipoikuta, nitalikata kwa mkono wangu, na Mungu anajua silipendi." Akatoka. Bryson akamfuata.

Wakabaki wawili na kalamu.

"Nisikilize," Praxeda alisema harakaharaka. "Usisaini. Nitamwomba mwenyewe, pembeni. Atakuacha kimyakimya, hakuna atakayejua."

Zuwena alitikisa kichwa.

"Kimyakimya ni huruma tena, mwalimu."

Miaka ishirini na sita Praxeda amewasahihisha watoto kwa kalamu nyekundu, na leo mmoja amemsahihisha yeye kwa maneno manne, tena kwa adabu. Aliichukua kalamu mezani, akaitia mfukoni ili isimtie mtu mwingine majaribuni. Akatoka kwenda kanisani, anachechemea.

*

Kituo cha kumi na nne, Yesu anazikwa kaburini. Wasichana walipiga magoti kwa mara ya mwisho, na ungesikia mifupa. Uji wa asubuhi ulikuwa nusu kikombe. Kiranja wa bweni la pili alisinzia akiwa amepiga magoti, mwenzake akamfinya. Benchi la mbele, Sista Ritha, orodha mapajani. Nyuma yake Bwana Bryson.

Baada ya sala ya mwisho huwa kuna matangazo, na matangazo ya Ijumaa ni ya mwalimu wa zamu.

Mwalimu Praxeda alipanda kwenye kipaza sauti saa tano na dakika arobaini.

"Tangazo la kwanza," alisema. "Prepu ya leo inaanza saa kumi na mbili na nusu. La pili, vijiko vya jikoni vimepungua tena, matroni anaomba virudi bila kuulizana. La tatu, kesho ni usafi wa mabweni."

Wasichana waliinuka nusu, wanasubiri ruhusa ya kutoka.

"La nne. Kaeni."

Wakakaa. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na Zuwena alikuwa amesimama nje yake, kwenye baraza, na wenzake sita. Saa ya Njia ya Msalaba wao hupewa kujisomea. Leo walikuwa wameviacha vitabu.

"Kitabu mnachosomewa kila tarehe tisa Februari, ukurasa wa sita. Ile sentensi ya huruma. Niliiandika mimi, na ni ya uongo."

Mnong'ono ulianza nyuma, ukaja mbele. Sista Ritha aliinua kichwa.

"Kiwanja hiki mlichopigia magoti sasa hivi tulipewa. Aliyetupa anaitwa Mwanaidi binti Zubeiri, mama wa Kiislamu wa hapo kisimani. Alikiweka wakfu. Wakfu ya kwao, si ya kwetu, na ya kwao ilitangulia. Aliandika barua kwa Kiswahili, sisi tukaiandika mgongoni kwamba haijulikani." Alipumua. Sauti ilikuwa inamkauka, maji hakuwa ameyagusa tangu alfajiri. "Aliomba mabinti wawili kila mwaka. Aliomba njia isifungwe. Na aliomba watoto wake wasishukurishwe. Tukawapa fagio. Nikawasimamia mimi. Nyie mliowapigia makofi hamkujua, lakini mimi kazi yangu ilikuwa kujua."

"Mwalimu!" Bwana Bryson alikuwa ameshasimama. "Shuka hapo!"

Hakushuka. Kwenye mlango wa pembeni Zuwena alikuwa analia, wazi, bila kujifunika uso, na mmoja wa wale wadogo alikuwa amemshika mkono.

"Orodha ya watahiniwa inafungwa saa sita," Praxeda alisema. "Humo kuna jina la mwanafunzi ambaye asubuhi hii ameambiwa alinunue kwa ahsante. Amekataa. Mimi nilimwambia akubali. Hilo nalo mlijue."

Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyesinzia.

Ndipo Sista Ritha akainuka kutoka benchi la mbele. Bryson alimnong'oneza kitu, hakugeuka. Alipita katikati ya wasichana mia nne, orodha mkononi, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze tukasikia hatua zake, kwa sababu kanisa zima lilikuwa limeacha kupumua. Saa ya kanisani ilisema saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Alipanda ngazi. Alisimama uso kwa uso na Mwalimu Praxeda, akaitandaza orodha juu ya kitabu cha masomo, mbele ya kipaza sauti kilichokuwa bado kiko wazi. Kidole chake kilishuka majina, kikasimama kwenye moja.

"Mwalimu," alisema, na shule nzima ikasikia. "Nipe kalamu."